Jiko la kuni lenye kilango cha hewa, baada ya miezi mitatu jikoni

Jiko hili nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu Morogoro, kwa kufuata muundo uitwao jiko la roketi, ambao Larry Winiarski aliubuni nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: njia ya kuni iliyolala, bomba lililosimama juu yake, na majivu makavu yaliyojazwa kati ya bomba na pipa linalolizunguka ili joto lisipotee. Sifa yake kubwa ni kilango cha bati kilicho chini ya kuni. Ukikifungua chote, moto unanguruma na sufuria ya maharage inachemka upesi. Ukikisogeza hadi ubaki upenyo wa kidole kimoja, mwali unashuka na maharage yanaendelea kutokota bila mtu kuchochea. Ukikifunga mno, hata hivyo, kuni zinafuka badala ya kuwaka, na masizi ya sufuria utayasugua mwenyewe. Ninacholalamikia ni bati la kilango, ambalo ni jembamba na limekwishapinda kwa joto, hivi kwamba sasa ninalisukuma kwa koleo. Fundi aliahidi kuweka la chuma kinene. Mpaka leo ni njoo kesho.