Vampaya mpelelezi: tamthilia ipi ununue, na ipi imeazima mno

Ukishaona tamthilia moja ya vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunyonya damu, anayepeleleza mauaji, huenda umeziona karibu zote. Kuna mwanamume wa umri mkubwa mwenye sura ya kijana, dhambi za zamani zinamtafuna, usiku anawatetea wanadamu, na anampenda mwanamke anayeogopa kumdhuru. Mumiani wa hadithi zetu za pwani hakuwahi kujuta hata siku moja, wala kufungua ofisi ya upelelezi. Huyu wa runinga ni kiumbe mwingine.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa ya seti nzima ya DVD, jiulize: ukimng'oa huyo mpelelezi meno yake, kesi itabadilika? Kama itatatuliwa vilevile, umeuziwa tamthilia ya polisi ya kawaida. Kwa kipimo hicho nimezipanga tano.

1. Vampire Prosecutor (Korea Kusini, 2011). Mwendesha mashtaka Min Tae-yeon, anayeigizwa na Yeon Jung-hoon, akionja damu ya maiti huona dakika za mwisho za marehemu. Utadhani hapo kesi imekwisha. Wapi! Hakimu gani atapokea ushahidi wa ulimi? Anajua jambo asiloweza kulisema, na inambidi atafute njia halali ya kulithibitisha. Uvampaya ndio unaomfungulia kesi, na ndio unaomtia matatani. Msimu wa kwanza una sehemu 12, na wa pili ulifuata mwaka 2012. Angalia jina vizuri unaponunua: kituo cha runinga kilichoitoa, OCN, kilitoa pia Vampire Detective mwaka 2016, akiwemo mwigizaji Lee Joon, na hiyo ni tamthilia tofauti kabisa.

2. Forever Knight (Kanada, 1992–1996). Nick Knight ni polisi wa Toronto anayefanya zamu za usiku tu, kwa kisingizio kwamba jua linamdhuru ngozi. Anakunywa damu ya ng'ombe kutoka kwenye chupa za mvinyo na anataka kurudi kuwa binadamu, huku LaCroix, aliyemgeuza kuwa vampaya mwaka 1228, akimdhihaki kupitia kipindi cha redio cha usiku. Kila kesi humrudisha kwenye jambo alilolitenda karne zilizopita, kwa hiyo unachunguza mauaji mawili kwa wakati mmoja. Picha zimezeeka na muziki ni wa enzi zake, lakini mengi utakayoyaona kwa waliokuja baadaye yalikuwa hapa tayari. Kuna sehemu 70 katika misimu mitatu. Nunua msimu wa kwanza peke yake uonje. Wa tatu ni mchungu, na mwisho wake umewagawa mashabiki hadi leo.

3. Blood Ties (Kanada, 2007). Hii inadharauliwa bure. Mpelelezi hapa ni binadamu: Vicki Nelson, aliyeacha upolisi kwa sababu macho yanafifia na gizani haoni vizuri. Mwenzake, vampaya Henry Fitzroy, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Henry VIII, anaona gizani ila mchana hayupo. Anachokikosa mmoja, mwingine anacho. Kasoro ni mazimwi yaliyochorwa kwa kompyuta, ambayo yanachekesha pale yanapotakiwa kutisha. Sehemu 22, basi.

4. Angel (Marekani, 1999–2004). Najua nitarushiwa mawe. Kama tamthilia, pengine ndiyo bora kuliko zote hapa. Kama upelelezi, ofisi ya upelelezi ya vampaya Angel, jijini Los Angeles, inasahaulika polepole, na kesi nyingi za mwanzo huletwa na maono ya wasaidizi wake, si kwa kunusa wala kuuliza. Halafu imezaliwa na Buffy the Vampire Slayer, na asiyeiona hiyo atapitwa na mengi. Sehemu 110 ni mkoba mzito. Inunue kwa ajili ya wahusika.

5. Moonlight (Marekani, 2007–2008). Mpelelezi binafsi, Los Angeles tena, majuto tena. Mapya ni madogo: vampaya analala ndani ya friza, na kuchomwa mti moyoni kunampoozesha tu, hakumuui. Hata hivyo Alex O'Loughlin anapendeza, na sehemu 16 zinakwisha wikiendi moja. Ikipatikana kwa bei ya chini, chukua bila aibu.

Kuhusu diski zenyewe: geuza kasha utafute alama ya dunia yenye namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo DVD hiyo ilitengenezewa. Afrika Mashariki ni kanda ya 5, Marekani na Kanada ni 1, Korea ni 3, Ulaya na nchi za Ghuba ni 2. Deki isiyosoma kanda zote itazikataa nyingi kati ya hizi. Laptopu nyingi zenye kisomaji cha DVD hukuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha hubaki palepale ulipoishia. Kwa ile ya Korea, hakikisha kasha limeandikwa kwamba kuna maandishi ya Kiingereza chini ya picha, maana kuna matoleo yaliyokusudiwa Wakorea wenyewe.