Jumamosi sita za kufundishwa kazi za nyumbani: uzoefu wangu

Bomba la jikoni kwangu lilivuja miezi saba. Fundi alikuja mara tatu, kila mara elfu kumi, na kila alipoondoka lilikaa kimya wiki mbili hivi, kisha likaanza tena, tii, tii, tii, usiku kucha. Mara ya nne sikumpigia. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tabata, Dar es Salaam, nilikuwa nimeona karatasi imebandikwa: mafunzo ya kazi za nyumbani, Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa saba, shilingi 90,000. Kila Jumamosi ina mtaalamu wake: bomba, umeme, gesi, huduma ya kwanza, cherehani, na matumizi ya fedha. Nikalipa. Naandika haya kwa sababu watu wengi wameniuliza kama hela yangu ilirudi.

Darasa lenyewe ni ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki na meza mbili ndefu. Tuliambiwa tutakuwa kumi, tukajikuta kumi na wanane. Hilo sikulipenda, maana kazi ya mikono haitaki msongamano, na kuna Jumamosi nilisimama nyuma nikiona migongo ya wenzangu tu. Tulikuwa mchanganyiko: vijana wawili wanaojiandaa kuoa, mama mjane mwenye nyumba ya kupangisha, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu ambaye kila mmoja wetu alianza kwa kumpa shikamoo, na wapangaji wengi kama mimi.

Tuliambiwa tuje na tatizo letu kutoka nyumbani. Mimi asubuhi ile nilifunga koki ya nje, nikalifungua bomba zima, nikalifunga kwenye gazeti. Fundi wetu wa mabomba, mzee mpole asiyepandisha sauti, alitoa raba ya ndani akanionyesha. Mpya kabisa, lakini tayari ina mkato upande mmoja. Akasema, "Ingiza kidole humu ndani, mama. Zungusha taratibu." Nikaingiza. Kwenye ule mdomo wa shaba ambao raba huukalia kulikuwa na pengo dogo, kali kama jino. Hilo ndilo lililokuwa likila raba. Fundi wangu alikuwa anabadilisha raba ya shilingi mia tano kila mara na kuliacha jino palepale.

Halafu akanipa hesabu. Nyumbani nilikuwa nimekinga jagi la lita moja likajaa kwa saa moja. Lita 24 kwa siku, akasema, lita 720 kwa mwezi. Madumu 36 ya lita ishirini. Katika mtaa ambao maji yakikatika tunanunua kwa dumu, nilikaa nikayafikiria yale madumu yamepangwa kwenye ua wangu. Nilinunua bomba jipya mchana uleule nikalifunga mwenyewe, ile tepu nyeupe ya kuzuia maji kupenya nikiizungusha kwenye nyuzi za bomba kufuata upande wa kukazia, kama alivyosisitiza, isije ikajikunjua wakati wa kufunga. Halijavuja hadi leo.

Jumamosi ya umeme ndiyo iliyonibadilisha. Tuliambiwa kila mtu aje na kifaa kimoja chenye plagi anachokitumia sana, na mimi nikaja na pasi. Mwalimu alitupa bisibisi, akasema tufungue plagi zetu tuangalie bila kugusa kitu. Alipofika kwangu akanyamaza. Akaiinua ile plagi, akawaita wote waje mezani. Palipotakiwa kuwa na fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringishwa vizuri kabisa. Na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa karibu na shingo.

Pasi hiyo ilitengenezwa na fundi mwaka juzi. Nimepigia pasi sare za mwanangu kila Jumapili jioni, peku, kwenye sakafu ya saruji, mara nyingine nikiwa nimetoka kufua na miguu bado ina maji. Mwalimu hakunifokea wala hakumsema vibaya aliyeitengeneza. Alieleza tu: fyuzi ni kitu kinachokubali kufa kwa niaba ya waya. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika, basi. Karatasi ile ya sigara inaendelea kupitisha umeme hata kama waya ndani ya ukuta unaungua. Na ethi ikikatwa, siku umeme utakapoligusa bati la pasi, njia yake ya kwenda ardhini ni mwili wako.

Akanifanya niisuke plagi upya mbele ya wote. Ukiitazama ikiwa wazi, ethi juu, buluu kushoto, kahawia kulia kwenye fyuzi. Waya wa ethi uwe mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, wa mwisho kuchomoka uwe huo. Nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza niliacha uzi mmoja wa shaba umechungulia nje ya skrubu, mara ya pili nikasahau kubana kamba yenyewe pale mlangoni mwa plagi. Mara zote mbili alinizuia mkono kabla sijafunga. Nimetazama video nyingi za namna hii kwenye simu, na hakuna hata moja iliyowahi kunishika mkono ikaniambia ngoja, fungua tena. Hapo ndipo ninapoona thamani ya elfu tisini yangu.

Fyuzi nayo tulifundishwa kuipigia hesabu badala ya kuweka yoyote iliyopo dukani. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa volti 230. Pasi yangu ni wati 1,200, inakuja ampea tano na kidogo, kwa hiyo fyuzi ya 3 haitoshi, inawekwa ya 13. Taa ya mezani au redio ndogo inatosha ya 3. Nilirudi nyumbani nikafungua plagi zote. Ya feni nayo ilikuwa na karatasi.

Gesi ilifundishwa na dada ambaye kazi yake ni kufunga majiko. Alianza na jambo ambalo sikulijua: gesi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia imetiwa makusudi ili tushtuke. Na ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatambaa chini, inajikusanya sakafuni na kwenye pembe. Ukiisikia, usiwashe taa wala usizime, funga mtungi, fungua milango, toka. Kisha akatupa povu la sabuni na sponji, akafunga mpira uliotoboka kidogo, akatuacha tuutafute uvujaji wenyewe. Povu linapovimba na kupasuka, umeupata. Mmoja wa wale vijana alikiri kwamba kwao hupima kwa kuwasha kiberiti. Ukumbi mzima ulinyamaza.

Nesi wa huduma ya kwanza alikuwa bora kupita wote kwa namna ya kufundisha. Kuhusu kuungua alisema maji ya kawaida, dakika ishirini. Si dawa ya meno, si asali, si yai. Halafu akatufanya tukae na mkono majini dakika ishirini kamili kwa saa yake. Dakika ya nne watu wameanza kutoa mikono. "Mtoto analia, jirani anakuletea Colgate, na wewe umeshachoka," alisema. "Ndiyo maana nataka mjue urefu wake." Mwalimu mstaafu akauliza, na maji yakiwa yamekatika? Nesi akajibu kwamba ndoo moja safi na kata vinatosha, mwaga polepole, kinga kwenye beseni, rudia maji yaleyale mradi hayajapata moto na beseni ni safi. Mwezi uliopita chai ilimmwagikia mwanangu mapajani. Niliweka saa. Ngozi haikutoka.

Cherehani sina la kusema sana. Mashine zilikuwa mbili kwa watu kumi na wanane, na nilichotoka nacho ni kushona kifungo vizuri na kupinda suruali kwa mkono.

Jumamosi ya fedha ilinikera. Mtoa mada alitumia zaidi ya nusu ya muda kutuuzia mpango wa kuweka akiba wa kampuni anayoifanyia kazi, akapitisha fomu, akataka namba za simu. Tulikuwa tumelipia kufundishwa kuandika bajeti ya mwezi, tukaondoka bila hata mstari mmoja. Nilimwambia mwandaaji siku ileile, mbele ya wenzangu, kwamba hilo si sawa. Aliomba radhi na kuahidi kumbadilisha, lakini hela ya siku ile hakurudisha, na naona angepaswa.

Anayetaka kwenda, aulize kwanza idadi ya watu. Wakizidi kumi na wawili asubiri kundi lingine. Aende na bisibisi yake, maana za pale hazitoshi, na akae mbele. Na abebe kifaa anachokiamini kuliko vyote nyumbani kwake, si kile kibovu.

Mdogo wangu anahamia chumba chake cha kwanza mwisho wa mwezi huu, Mabibo. Nimeshamlipia nafasi. Jana nilimwomba aniletee plagi ya jiko lake la umeme alilonunua mtumba, tukaifungua pamoja mezani kwangu kabla hajaichomeka popote.