Jiko la pipa au jiko la rimu?

Kwa mchoma pweza au mishikaki wa Mtwara, fundi wa kuchomelea ana vyuma chakavu viwili vya kumtengenezea jiko: pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, au rimu ya gari iliyowekewa miguu ya nondo.

Pipa lina nafasi. Samaki wazima wanapangwa kwa mstari, makaa yanasogezwa upande mmoja, na upande wa pili vilivyoiva vinasubiri visipoe. Tena pipa moja linatoa majiko mawili. Ubaya ni wembamba wake: moto unalichosha, hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani inalimalizia, na kutu huanzia chini, majivu yanapolala. Jamani, mwageni majivu kila usiku!

Rimu ni nene, inatunza joto kwa mkaa kidogo, na matundu yake yanaingiza hewa kwa chini. Ila ni ndogo. Hakikisha ni ya chuma. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na makaa yanayopepewa sana hufika huko.

Kwa biashara nachagua pipa lililobeba mafuta ya kula, kamwe si la kemikali, na rangi yote iunguzwe kabla ya kuchoma chakula. Nyumbani, rimu inatosha kabisa.