Udongo Uliokwaruza Gari Langu Jeusi na Nta Iliyoficha

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Seti niliyoinunua kwa ajili ya kusafishia rangi ya gari nyumbani ina kipande cha udongo wa kukandika unaosuguliwa kwenye rangi kung'oa uchafu ulioganda, chupa ya kilainishi na kopo la nta, na juu ya boksi lake imeandikwa wazi kwamba ni salama kwa rangi zote, hata nyeusi. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niitoe rafuni, kwa kuwa mwenye gari jeusi hapaki kitu chochote juu ya rangi yake kwa kubahatisha. Udongo huo umeniachia boneti iliyofifia na kujaa mistari myembamba, na nilipopiga simu kulalamika nilijibiwa jibu ambalo sijalisahau hadi leo.

Nieleze kwanza hali ya gari lenyewe, maana yule aliyepokea simu hakutaka kuisikia. Rangi ilikuwa haina mikwaruzo ya kutisha, ila ilikuwa inaparuza ukiigusa: ukiuingiza mkono ndani ya mfuko laini wa plastiki na kuupitisha taratibu juu ya boneti iliyokwisha kuoshwa, ulisikia vipele vidogo vidogo kila mahali. Vipele hivyo ni vumbi la chuma linalotoka kwenye diski na pedi za breki, matone ya lami na utomvu wa miti, vitu ambavyo vikishajishikiza kwenye rangi havitoki kwa shampuu hata ukiosha kutwa nzima. Kazi ya udongo ni kuving'oa, na hiyo ni kazi halali kabisa, kwa sababu nta ikipakwa juu ya uchafu wa namna hiyo haishiki vizuri wala haing'ai inavyopaswa.

Kabla ya udongo kugusa gari nilifanya kila linalotakiwa. Nilitumia ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glavu, nikaanzia juu kwenye paa na kumalizia chini ambako mchanga hukaa zaidi. Nilipulizia dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana na vumbi la breki, nikaisuuza kabla haijakauka. Gari lilikuwa kivulini na bati lake limepoa. Nililowesha kila sehemu kwa kilainishi cha seti hiyohiyo, nikausogeza udongo kwa mistari iliyonyooka bila kuukandamiza, nikawa naukunja mara kwa mara ili upande safi ndio uguse rangi, na haukuanguka chini hata mara moja. Udongo ulioanguka hutupwa, kwa sababu chembe moja tu ya mchanga iliyoganda ndani yake inatosha kuchora mlango mzima.

Vipele viliondoka, hilo nalikiri bila kinyongo. Boneti ilikuwa laini kama kioo. Lakini nilipowasha tochi na kuimulika kwa pembeni, nikaona ukungu wa kijivu uliofanywa na mistari mingi isiyo na idadi, yote ikielekea kule nilikokuwa nikisogeza mkono. Kwenye gari jeupe au la fedha mistari ya aina hiyo mtu angeweza kukaa nayo miaka bila kuitambua. Kwenye rangi nyeusi haijifichi, kwa sababu weusi hauakisi mwanga mwingi wenyewe, na kila kingo ya mkwaruzo inayorudisha mwanga huonekana waziwazi dhidi ya giza lililo nyuma yake.

Ndipo nilipopiga simu. Nilimsalimu mhudumu kwa heshima, nikamweleza hatua kwa hatua, na kabla sijamaliza akanikatiza: "Kaka, gari jeusi ndivyo lilivyo. Tatizo ni mkono wako, siyo udongo wetu." Nikamwambia, "Dada yangu, naomba unisikilize kwanza, nina swali moja tu: udongo huu ni wa ukali gani?" Akajibu kwamba udongo ni udongo, kwamba wateja wengine hawalalamiki, na kwamba kama sijui kazi hii ningepeleka gari kwa mafundi. Kisha akakata simu.

Udongo si udongo. Kila mtu aliyewahi kuifanya kazi hii anajua kwamba hutengenezwa kwa madaraja ya ukali, laini, wa kati na mkali, na tofauti hiyo iko kwenye chembe za kusugulia zinazochanganywa ndani yake. Ule wa kati huweza kuacha alama kwenye rangi laini, na mkali huacha alama karibu kila mara, ndiyo maana hutumiwa na mtu anayekusudia kupiga polishi baadaye. Boksi la seti hii halitaji daraja lolote. Anayeuza udongo bila kutaja ukali wake, kisha akaandika kwamba unafaa kwa rangi nyeusi, amemdanganya mnunuzi, na sitatumia neno jepesi zaidi ya hilo.

Kwa kuwa niliambiwa tatizo ni mkono, niliupima mkono. Nilibandika utepe wa karatasi katikati ya buti, upande mmoja nikatumia udongo wa seti, upande wa pili nikatumia kipande cha udongo laini cha kampuni nyingine nilichokuwa nimebakiza. Kilainishi kilikuwa kilekile, mwendo uleule, mkono uleule. Upande wa udongo laini ulibaki mweusi bila alama, na upande wa seti ukapata ukungu uleule wa boneti. Picha niliwatumia, na jibu sikupata.

Hata hivyo ni lazima niseme ukweli kuhusu nta, kwa sababu siku ile ilinifanya nibadili mawazo kabisa. Inasema ina nta ya karnauba, ile inayokwanguliwa kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambayo ni ngumu kiasi kwamba haiyeyuki mpaka ifike takriban nyuzi 80 na kidogo za Selsiasi. Niliipaka nyembamba sana, nikaiacha ikafanya ukungu, nikaifuta kwa taulo la maikrofaiba, na gari likatoa weusi wa kina ambao sikuwahi kuuona tangu nilipolipata. Mikwaruzo ya udongo ilipungua mbele ya macho yangu. Maji yakawa yanasimama kama shanga na kuteremka yenyewe. Nilikuwa tayari kuipa seti nzima nyota nne na kuyasamehe matusi ya simu.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya kuosha gari mara chache kwa shampuu ya kawaida isiyo kali, ukungu wa kijivu ulirudi mahali palepale. Nilifuta nusu ya boneti kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ambayo huondoa mafuta ya nta, na upande huo mistari yote ikatokea papo hapo, huku upande wa pili ikiwa bado imefichika kidogo. Maana yake nta hiyo ina vijazo, mafuta yanayoziba mikwaruzo bila kuiondoa. Vijazo peke yake si kosa, na kwa gari la kuuza sura siku ya sherehe vina faida yake. Kinachonichemsha ni kuviweka kwenye boksi moja na udongo unaokwaruza, ili mnunuzi asione madhara mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite.

Sasa mikwaruzo hiyo haitatoka ila kwa polishi, na polishi hukata klia, lile tabaka angavu la juu kabisa la rangi. Kwa magari mengi ya kiwandani klia ina unene wa takriban mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele, nayo ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua. Kila inapokatwa hairudi. Hicho ndicho nilichopoteza kwa sababu ya neno moja lililokosekana kwenye boksi, na ndiyo maana kila nikimkumbuka yule mhudumu nyota nilizokusudia kutoa zinapungua.

Nta ikiuzwa peke yake, mwenye gari la rangi nyepesi aichukue bila wasiwasi, pengine hata nami ningeichukua. Kwa seti nzima natoa nyota moja. Nilikuwa nimeandika mbili, nimeifuta ya pili sasa hivi. Mwenye gari jeusi aliyekwisha kuinunua asiupeleke udongo huo kwenye boneti: aujaribu kwanza sehemu ya chini ya mlango, aifute kwa spiriti, kisha amulike kwa tochi kabla ya kuligusa kopo la nta.