Seneta Richard Pan: nyota nne kwa daktari aliyeingia bungeni

Watu hutoa nyota kwa mikahawa na mafundi magari, mimi natoa kwa seneta. Kodi yangu ilichangia mshahara wake na mtaa wetu hapa Sacramento ulikuwa eneo lake la uchaguzi, kwa hiyo sidhani kama nimevuka mpaka.

Richard Pan ni daktari wa watoto, na aliwahi kufundisha udaktari chuo kikuu cha UC Davis. Mwaka 2010 alishinda kiti cha bunge la jimbo la California kilichokuwa cha chama cha Republican, 2014 akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, na 2022 ukomo wa vipindi ukamtoa. Alishika mengi, hata kamati ya afya aliiongoza, ila ukitaja jina lake watu wanawaza chanjo tu.

Alianza kwa upole. Sheria yake ya 2012, AB 2109, haikumlazimisha mzazi kumchanja mtoto. Asiyetaka alitakiwa kwanza akae na mhudumu wa afya, aelezwe faida na hatari, kisha fomu isainiwe. Hapo unamwona daktari hasa, mtu anayeamini mama akielezwa vizuri ataelewa. (Gavana Jerry Brown aliisaini, halafu akaagiza fomu iwekewe kisanduku cha dini. Ukikitia alama, huna haja ya kuzungumza na yeyote. Haya bwana.)

Desemba 2014 surua ikalipuka kwenye bustani ya burudani ya Disneyland, na California peke yake ikapata wagonjwa 131. Upole ukaisha. Pan na mwenzake Ben Allen wakaleta muswada SB 277, uliofuta udhuru wa kutochanja kwa sababu ya dini au msimamo binafsi kwa shule za umma na za binafsi. Ukabaki udhuru wa kitabibu tu. Brown akausaini Juni 2015. Watoto wa chekechea wenye chanjo zote walikuwa kama asilimia 90 mwaka wa masomo 2014–15. Miaka miwili baadaye walipita 95.

Sasa wajanja wakaona mwanya. Udhuru wa kitabibu ukapanda kutoka asilimia 0.2 hadi 0.7, maana wapo madaktari walioufanya biashara. Wanasiasa wengi wangejipigia makofi kwa ile 95 na kuendelea na mengine. Pan alirudi 2019 na SB 276: daktari akiandika udhuru zaidi ya minne kwa mwaka, au shule ikiwa na waliochanjwa chini ya asilimia 95, jimbo linakagua. Nyota nyingi nilizompa zimetoka hapa. Ni nadra sana kumwona mbunge anarudi kukagua kidonda alichokifunga mwenyewe.

Na hakurudi kwa raha. Agosti mwaka huo mpinga chanjo alimsukuma barabarani huku akijirekodi. Mwezi uliofuata mwanamke mmoja aliwarushia maseneta damu kutoka roshani ya wageni. Muswada ulikuwa umeshapita.

Nyota niliyokata ni ya 2022. Januari alileta SB 871, chanjo ya Covid iwe lazima kwa wanafunzi, na Aprili akauondoa mwenyewe. Mimi nahudumia wazee, hiyo ndiyo kazi yangu. Bibi akishikwa mkono ghafla anafunga ngumi na kugeukia ukutani. Ukivuta kiti, ukamsikiliza kwanza, anakunja sleeve mwenyewe. Daktari wa 2012 alilijua hilo. Wa 2022 alikuja na sindano kwanza, wakati ambapo watoto wa miaka mitano hadi kumi na moja walikuwa bado wanachanjwa kwa kibali cha dharura. Wazazi ambao wala hawapingi chanjo walikunja uso, na mimi nikiwamo.

Mwaka 2024 aligombea umeya wa Sacramento, hakuvuka raundi ya kwanza. Hilo halinishangazi. Meya hapa anaulizwa habari za mahema ya wasio na makazi na bei za nyumba, na kwa hayo sikusikia kwake jambo ambalo wenzake hawakulisema. Ila angegombea tena kiti cha kushughulikia afya, kura yangu anayo.