Ngome Kongwe kwa mchezo wa kuigiza: jicho linashiba, sikio linahangaika

Anayetaka kupandisha mchezo wa kuigiza Unguja, mahali pa kwanza atakapotajiwa ni uwanja wa maonesho ulio ndani ya Ngome Kongwe, Forodhani. Si ajabu. Mji Mkongwe hauna kumbi nyingi za kazi hiyo. Royal Theatre, iliyofunguliwa Vuga mwaka 1921, iliungua, na Majestic iliyojengwa mahali pake mwaka 1955 imekaa miaka mingi bila ya kuwa ukumbi wa kila siku. Ngome ipo katikati ya mji, na kuta zake za mawe ya matumbawe, walizozisimamisha Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ni mandhari ambayo hakuna seremala wa kuitengeneza kwa wiki mbili.

Tatizo ni kwamba uwanja huu umezoeshwa muziki na filamu. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, na lile la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, ndiyo yaliyoujulisha kwa watu. Gitaa huja na spika zake, filamu huja na sauti iliyokwisha kupangwa. Mwigizaji huja na koo lake tu. Kikundi kinachokodi ngome kwa mpango uleule wa bendi kitapata picha nzuri za kutuma kwenye simu, na watazamaji wa safu za nyuma watakaoulizana, "Kasema nini?"

Tuanze basi na sauti, maana hapo ndipo michezo mingi inapofia. Hakuna paa la kuirudisha sauti chini, kwa hivyo inapanda na kupotea: nje, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kuta za mawe nazo zina fitina yake. Ukuta mgumu ulio mita 9 au zaidi nyuma ya mtazamaji humrudishia neno lilelile baada ya kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na hapo sikio linaanza kusikia maneno mawili badala ya moja. Ukiongeza sauti ili wa nyuma wasikie, unaongeza na mwangwi. Mafundi wa muziki hufanya hivyo kila mara kwa sababu ngoma na besi zinaufunika, lakini maneno matupu hayana cha kuufunika.

Dawa yake ni spika nyingi ndogo, si mbili kubwa. Weka jozi moja karibu na jukwaa, nyingine katikati ya watazamaji, zote zimeinamishwa ziangalie vichwa vya watu na si ukuta wa nyuma. Zile za katikati zicheleweshwe kwenye mikseri, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, kwa milisekunde 3 hivi kwa kila mita kutoka jukwaani (mita 10 ni kama milisekunde 29), la sivyo mtu atasikia neno likitoka kwenye spika ya pembeni kabla ya lile la jukwaani kumfikia. Kata kwenye mikseri sauti zote nzito zilizo chini ya hezi 120; maneno hayakai huko, huko kuna upepo na vishindo vya miguu tu.

Maiki ndogo za kuvaa zinafaa kuliko za kusimamishwa mbele ya jukwaa, ambazo hapa hunasa nyayo kwanza na maneno baadaye. Ila zisibandikwe kifuani. Mwigizaji wa kike aliyevaa buibui au mtandio akigeuza shingo, kitambaa kinaisugua maiki na spika zinatoa mkwaruzo wa kuumiza meno. Ibandike kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, kwa plasta ya hospitali, waya upite juu ya kichwa na kushuka mgongoni, kisha mtandio ufungwe juu yake na upindo wake uachwe nyuma ya kichwa cha maiki. Kile kijiboksi cha kiunoni kinachorusha sauti ya maiki kivalishwe puto la kawaida la watoto kabla ya kufungwa: jasho la Unguja huingia ndani yake kabla ya kitendo cha pili, na maiki nyingi zinazosemekana "zimekata" huwa zimelowa tu. Betri ziwe mpya kila usiku, hata kama za jana zinaonesha zimejaa.

Na hata maiki zikiwa nzuri, waigizaji wafundishwe kusema kwa uwanja huu. Wengi huanza sentensi kwa pumzi ndogo, na Kiswahili hakisamehi hilo: "hatakuja" ikipotezwa pumzi ya mwanzo inakuwa "atakuja", na hadithi nzima imegeuka. Watazamaji wa Unguja nao hawakai kimya. Wanajibu, wanacheka, wanamuonya mhusika kuwa anadanganywa. Mwigizaji asubiri kicheko kifike kileleni na kuanza kushuka ndipo atoe neno linalofuata. Akisubiri kiishe kabisa, mchezo umelala.

Saa ya kuanza ni jambo la pili linaloharibu mambo. Magharibi kwetu huingia kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni kwa kutegemea mwezi, na Isha kati ya saa 1 na nusu na saa 2. Misikiti imeuzunguka mji pande zote, kwa hivyo mchezo unaoanza saa 1 lazima usimame kupisha adhana, tena mara nyingi pale pale hadithi inapopamba moto. Anza saa 2 na robo. Watu wamekwisha kusali, giza limekamilika, taa zinafanya kazi yake. Dakika 80 bila mapumziko zinatosha; ukitoa mapumziko, harufu ya mishikaki ya Forodhani itakupunguzia safu mbili. Mwezi wa Ramadhani usipange kitu.

Taa: epuka kukodi taa za bendi, zile zinazobadilisha rangi na kuzunguka. Unataka taa nane tulivu, nne za mbele zikija kwa pembe ya karibu nyuzi 45 kutoka kulia na kushoto, mbili za ubavuni, mbili za nyuma kuwatenganisha watu na ukuta. Rangi ya kaharabu hafifu inapendeza kwenye ngozi nyeusi na kwenye matumbawe pia, na haivuti wadudu sana. Buluu peke yake inameza nyuso. Nane za LED za wati 200 ni wati 1,600, kama ampea 7. Za zamani za wati 1,000 zingekula kilowati 8 na kuhitaji nyaya za kazi nzito. Ukijumlisha na sauti, jenereta ya kVA 5 inatosha, iwekwe nje ya kuta, upande ambao upepo hautaleta moshi na mngurumo ndani. Mikseri iwe na betri yake ya akiba: umeme ukikatika kwa sekunde 10, mikseri za kidijiti huchukua muda mrefu kuliko huo kuwaka upya.

Mandhari usiyazidishe. Pazia la kitambaa ni tanga: upepo wa kaskazi ukiingia Januari litavimba na kupiga makofi juu ya maneno. Kama ni lazima, pitisha bomba la chuma kwenye pindo la chini na uliwekee mifuko ya mchanga. Kila kitu kisimame kwenye fremu yake, kwani hii ni sehemu ya mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na msumari mmoja kwenye matumbawe utakuletea maneno. Kuhusu kibali cha mchezo wenyewe, kishughulikiwe mapema BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, mswada mkononi.

Kwa mtazamaji: vidato ni vya mawe, chukua mto. Kaa katikati, safu ya tatu au ya nne kutoka chini. Pembeni kabisa utawaona waigizaji wakisubiri zamu zao, na mwingine akichati.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, uwanja huu haupendekezwi kabisa. Ukumbi wa Sheikh Idrissa Abdulwakil, Kikwajuni, hauna uzuri huu lakini una paa. Vuli, Oktoba hadi Disemba, unaweza kubahatisha, mradi tiketi iandikwe waziwazi kitakachofanyika mvua ikinyesha: usiku wa akiba ni lini, na baada ya dakika ngapi za mchezo pesa hairudi. Wasioandika hilo huishia kubishana mlangoni na watu 200 waliolowa.