Sahani ya Shilingi 2,500 na Mwendo wa Robo Saa: Tathmini ya Banda la Mama Lishe Upande wa Changanyikeni

Muhula mzima uliopita nimekula chakula cha mchana, siku tano kwa wiki, katika banda moja la mama lishe lililoko upande wa Changanyikeni, nyuma ya kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Banda halina jina wala bango. Wanafunzi hulitambua kwa mwembe unaolifunika na kwa hotipoti nne kubwa zilizopangwa juu ya meza ya mbao. Ninaandika tathmini hii nikimfikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye ndiyo kwanza amepokea fedha zake za kujikimu, hana tena mtu wa kumpakulia chakula nyumbani, na kila anakopita anasikia ushauri wa lishe na mazoezi unaomtaka anunue vitu asivyovimudu.

Tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023, mkopo wa chakula na malazi unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 za awali. Wenyewe tunauita "bumu", na kila aliyewahi kukaa bwenini anajua kwamba bumu hunenepa wiki ya kwanza na kukonda wiki ya sita: mwanzoni ni kuku na chipsi, mwishoni ni pasi ndefu, yaani mtu anaruka mlo wa asubuhi na wa mchana ili ale mara moja tu jioni, tena ale kwa pupa. Katika banda hili, wali au ugali kwa maharage na mboga ni shilingi 2,000. Ukiongeza kachumbari na kipande cha papai au tikiti unalipa 2,500. Anayetaka samaki au nyama hulipa 3,500. Bei hizo hazikupanda muhula wote, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu jirani yake anayekaanga chipsi mayai.

Siku ya kwanza nilifika saa saba mchana, nikaamkia, mama akaitikia na kuniuliza, "Nikupakulie nini mwanangu?" Nikasema wali maharage, basi. Kilichokuja kilikuwa kilima cha wali kilichomwagiwa rojo, maharage ya kuhesabika, na mchicha uliokaa pembeni ya sahani kama umealikwa kwa bahati mbaya. Mimi ni mtu wa udadisi, na nina mizani ndogo ya jikoni niliyoinunua kwa shughuli nyingine. Kesho yake nilibeba chombo, nikaagiza vilevile, nikaenda kupima bwenini. Wali ulikuwa gramu 520 na mchicha gramu 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa hiyo mlo mkubwa kuliko yote ya siku yangu ulikuwa umenipa sehemu moja tu ya kumi ya kiasi hicho.

Hapo ningeweza kuandika tathmini mbaya na kwenda zangu. Badala yake nilirudi nikamuuliza mama kwa nini anapakua hivyo, naye akanijibu bila kuona haya: "Mwanafunzi akiona wali kidogo, kesho haji." Jibu hilo lilinifumbua macho kuliko mabango mengi ya afya niliyowahi kuyasoma. Sahani imepangwa kwa matakwa ya mlaji anayeogopa njaa ya saa kumi, na mpakuaji anafuata soko. Nikamwambia, "Basi mama, mimi nipunguzie wali, uniongezee maharage na mboga." Akacheka, akafanya, na hakudai hata shilingi mia zaidi. Tangu siku hiyo sahani yangu imekuwa na wali kiasi cha gramu 300, maharage yanayojaza kikombe, na mboga pamoja na kachumbari zinazochukua karibu theluthi ya sahani. Ubora mkubwa wa banda hili, kwa maoni yangu, ndio huo: chakula kinapakuliwa mbele yako na mtu unayeweza kuzungumza naye, wala hakiji kikiwa kimefungwa kwenye kasha.

Niseme mapema kwamba wali hauna kosa, kwa sababu wapo wanaosoma neno "punguza" wakaanza kujinyima. Mwanafunzi anayecheza mpira kila jioni, au anayefanya kibarua cha kubeba mizigo mwisho wa wiki, anahitaji nguvu itokanayo na wanga, na kwake gramu 520 huenda zikawa sawasawa. Mimi hushinda nimekaa maktaba. Aidha, siku za Jumanne na Alhamisi mama husonga ugali wa dona, ambao unga wake umesagwa pamoja na pumba na kiini cha mahindi, na ndio maana una nyuzilishe nyingi kuliko sembe na hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Wateja wengi huukwepa kwa sababu ya rangi yake. Mimi hupanga ratiba yangu ya maktaba kuufuata.

Maharage ndiyo yanayostahili sifa zaidi. Huchemshwa tangu alfajiri kwenye jiko la mkaa, huungwa kwa kitunguu, karoti na nazi kidogo, nayo huiva bila kupondeka. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini ya takriban gramu 15. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji protini ya gramu 50 hivi kwa siku, hesabu inayopatikana kwa kuzidisha kila kilo ya uzito kwa gramu 0.83. Ukianza asubuhi na mayai mawili ya kuchemsha, ambayo yana gramu 12, ukala mchana sahani hii yenye maharage na wali wenyewe, kisha jioni ukapata kipande cha samaki au dagaa, umefika na kuzidi. Zaidi ya hapo, nafaka kama mchele na mahindi zina upungufu wa kijenzi kimoja cha protini kinachoitwa laisini, na maharage yanacho kwa wingi, huku maharage nayo yakipungukiwa na kile ambacho nafaka zinacho. Bibi zetu waliounganisha ugali na maharage hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Ninalitaja jambo la protini kwa makusudi, kwa kuwa muhula wa kwanza nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi huko Sinza kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, na wiki ya pili tu mkufunzi alinionyesha debe la unga wa protini, akanihakikishia kwamba bila huo ninapoteza muda wangu. Debe lile liliuzwa kwa fedha ambayo hapa bandani ingeninunulia sahani 60. Sisemi unga ule ni sumu. Nasema kwamba mwanafunzi anayekula maharage, mayai na dagaa haununui kwa sababu ya mwili wake, anaununua kwa sababu ya picha iliyobandikwa kwenye debe.

Kachumbari la hapa lina nyanya, kitunguu, tango na ndimu inayokamuliwa wakati wa kupakua, na wengi hulichukulia kuwa pambo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini vitamini C iliyomo kwenye ndimu na nyanya mbichi husaidia sana yafyonzwe, ilhali chai huyazuia. Mteja anayekula maharage huku akishushia chai ya rangi anayapoteza kwa mkono wa kushoto aliyoyalipia kwa mkono wa kulia. Heri angoje saa moja au mbili ndipo anywe. Jambo hili linawagusa hasa wanafunzi wa kike, maana hupoteza damu kila mwezi na mahitaji yao ya chuma ni makubwa kuliko ya wenzao wa kiume. Nilimweleza mama hayo siku moja mvua iliponizuia kuondoka, naye sasa huwauliza wasichana, "Ndimu niongeze?" kabla hajawauliza kuhusu chai.

Kuhusu usafi sina malalamiko makubwa. Kuna ndoo yenye koki na sabuni ya maji mlangoni, hotipoti hufunikwa baada ya kila sahani, na mboga za kachumbari huoshwa kwa maji yaliyochemshwa, jambo nililolishuhudia mwenyewe kwa kuwa hukaa karibu na jiko. Vyombo huoshwa kwenye beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuza, ingawa kuanzia saa nane maji ya kusuuza hubadilika rangi na ningependa yamwagwe mapema zaidi.

Sasa nije kwenye mazoezi, ambayo huenda msomaji ameshangaa yanahusiana vipi na banda. Kutoka bwenini kwangu hadi hapo ni mwendo wa dakika 15, na kurudi ni dakika 15 nyingine, sehemu kubwa ikiwa kupanda mlima. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni dakika 150, nacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima kwa mazoezi ya wastani, likishauri afike hadi 300 akiweza. Sharti ni kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumwimbia. Kurudi kwa miguu baada ya kula kuna faida yake pia, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, na kiwango chake hakipandi sana kama cha mtu aliyetoka mezani akajilaza. Wenzangu wawili hupanda bodaboda kwenda na kurudi, kisha jioni hulalamika kwamba hawana muda wa mazoezi. Nimeacha kubishana nao.

Kutembea hakutoshelezi yote. Misuli inataka kufanyishwa kazi nzito angalau siku mbili kwa wiki, na kwa hilo nimeachana na Sinza; nafanya pushapu, kuchuchumaa na kusimama, na kunyanyua ndoo mbili za maji za lita 10 ambazo kwa vyovyote lazima zifike ghorofa ya tatu. Naongeza idadi kidogokidogo. Aliyekaa miaka miwili bila mazoezi kisha akafanya pushapu 100 usiku wa kwanza, kesho yake atashindwa hata kunyoosha mkono apokee sahani.

Kasoro za banda zipo. Chumvi ni nyingi kwenye mchuzi wa samaki, na juu ya hapo kila meza ina kopo la chumvi ambalo wateja hulitikisa kabla hata ya kuonja. Kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu tano, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na nina hakika kuna wanaokimaliza hapo hapo mezani. Samaki hukaangwa kwa mafuta yanayotumika tena na tena hadi yageuke rangi, kwa hiyo mimi humkwepa na kuchukua dagaa wa kuungwa. Mchicha huchemshwa mno, na kwa kweli matembele hutoka vizuri zaidi. Friji ya kampuni ya soda imewekwa mahali ambapo jicho haliwezi kuikosa, na mlaji anayehisi kiu hunyoosha mkono bila kufikiri. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai, ilhali mtungi wa maji ya kunywa ya bure umefichwa nyuma ya gunia la mkaa. Nimemwomba mama mara mbili avibadilishe nafasi. Anasema friji si yake na haruhusiwi kuisogeza, lakini mtungi sasa umehamia mezani.

Kasoro iliyonikera kuliko zote ni ya jioni. Banda hufungwa saa tatu usiku, lakini ifikapo saa moja na nusu mboga na matunda vimekwisha, na mwanafunzi anayetoka kwenye kipindi cha mwisho hukuta wali, mchuzi na friji. Wakati wa mitihani hali huwa mbaya zaidi, kwani ndio wakati ambao watu hupiga pasi ndefu mchana na kuja wote usiku. Jumapili halifunguliwi kabisa, hivyo siku hiyo mimi huchemsha viazi vitamu na mayai kwenye sufuria moja, nikala na parachichi.

Kwa jumla ya yote nalipatia banda hili nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ilikuwa ya mboga za usiku, na juzi nilipomweleza mama jambo hilo alinitazama kama mtu aliyechelewa kusema. "Mwanangu, nitumie ujumbe kabla ya saa kumi, nitakuwekea ya kwako kwenye hotipoti ndogo." Jana nilituma, nilipofika saa mbili usiku nilikuta matembele na nusu ya ndimu, na wenzangu watatu waliokuwa kwenye foleni wakaomba namba yake ya simu.